Mgeni Hapimwi kwa Pasipoti Yake



Kila mwaka ninapofundisha methali, ipo moja inayochangamsha darasa kuliko zote: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Wanafunzi huicheka kwa sababu kila mmoja anamjua mjomba au binamu aliyefika "kusalimia tu", akakaa mpaka mahindi yakavunwa. Muhula uliopita, hata hivyo, mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, na mgeni anayelipa kila usiku, naye tutampa jembe?" Darasa likaangua kicheko. Nami nilicheka, kisha nikatambua kwamba sina jibu. Makala haya ni jibu langu kwake, na kwako pia unayejifunza Kiswahili ukiwa Uganda au kwingineko.

Swali lile halikuwa la mzaha. Katika mji wa Entebbe, ulio kando ya Ziwa Viktoria na wenye uwanja mkuu wa ndege wa nchi yetu, ziko familia zinazopangisha chumba au nyumba ndogo kwa usiku mmoja, mitatu au saba. Mgeni huiona nyumba hiyo kwenye simu yake, hutuma ombi, hulipa, kisha hufika na sanduku lake. Utayakuta hayo pia Kampala, Jinja na Fort Portal. Mwenyeji hapati fedha tu. Anapata pia mamlaka ambayo zamani yalikuwa ya wenye hoteli, yaani mamlaka ya kuamua nani alale na nani aambiwe kwamba pamejaa. Mamlaka hayo ndiyo ninayotaka tuyazungumzie.

Msimamo wangu ni huu: mwenyeji anayepokea wageni wa kimataifa kwa malipo ana haki ya kuweka kanuni, hata kanuni kali, lakini kanuni hizo ziwe za wote. Asiwe na mlango mmoja kwa mgeni wa kutoka Ulaya na mlango mwingine kwa mgeni wa kutoka nchi jirani. Nasema hivi kwa sababu nimewahi kushiriki katika kuufunga huo mlango wa pili, na nilishiriki kwa kutumia lugha ninayoifundisha.

Dada yangu mkubwa ana nyumba ya vyumba viwili nyuma ya nyumba anamoishi mwenyewe. Aliitengeneza kwa akiba yake, akaweka vyandarua, tangi la maji na jiko la gesi, akaanza kupokea wageni. Wengi wao walikuwa wasafiri wa Ulaya waliokwenda kuwaona sokwe wa Bwindi na waliohitaji mahali pa kulala kabla ya kupanda ndege. Dada yangu huzungumza Kiganda na Kiingereza. Kiswahili hakijui, na hajawahi kukihitaji, au ndivyo alivyodhani.

Jioni moja alinipigia simu. "Mwalimu," aliniita hivyo kwa utani wake wa kawaida, "kuna ujumbe hapa wa lugha yako. Nisomee." Ulitoka kwa mfanyabiashara wa Butembo, mji ulio mashariki mwa Kongo. Wafanyabiashara wa Butembo wanajulikana kwa safari zao ndefu. Huvuka mpaka, hupanda ndege, hufika Dubai na China kununua bidhaa. Huyu alikuwa anakwenda Dubai, na jamaa zake walitaka kumsindikiza hadi Entebbe. Aliandika: "Tuko watu ine: mimi, bibi yangu na batoto mbili. Tutalala siku tatu." Nikamweleza dada yangu kwamba ni watu wanne: mwanamume, bibi yake mzee, na watoto wawili.

Dada alinyamaza kidogo. Kisha maswali yakaanza kumtoka. Je, Ebola yao? Je, wakisema wanne, si watakuja kumi? Je, watakaanga samaki mpaka mapazia yanuke? Hatimaye akasema, "Waandikie kwamba nyumba imejaa." Nyumba haikuwa imejaa. Wiki ileile alikuwa amewapokea mume na mke kutoka Ulaya ambao hawakusema hata watafika saa ngapi, wala hakuwauliza.

Ningependa kukuambia kwamba nilikataa. Sikukataa. Niliandika kwa sarufi safi kabisa: "Tunasikitika kukujulisha kwamba siku hizo nyumba imekwisha kuchukuliwa." Upatanisho wa ngeli ulikuwa sahihi, nukta ilikuwa mahali pake, na sentensi yote ilikuwa ya uongo.

Jibu lilikuja baada ya dakika chache. "Aksanti sana, mwalimu. Kama munajua fasi ingine ya kulala na batoto, mutuambie." Hakukasirika. Hakubishana. Aliniamini, akaniomba msaada. Nilikaa na simu ile mkononi, nikijiuliza ni mara ngapi nimewaambia wanafunzi wangu kwamba Kiswahili ni lugha inayowaunganisha watu wa eneo hili. Nikampigia dada yangu, nikamsomea jibu lile neno kwa neno, nikitafsiri. Safari hii yeye ndiye aliyekosa la kusema. Mwishowe akasema, "Haya, waambie waje. Lakini watoe amana."

"Wale wa wiki hii walitoa amana?" nikauliza.

Hawakutoa. Tukaelewana kwamba ama amana iwe ya wote, ama isiwepo. Akachagua iwe ya wote, na mpaka leo kila anayelala pale huitoa, awe anatoka Paris au Butembo.

Walipofika nilikuwepo. Dada alikuwa amemwandalia bibi mzee kitanda kifupi, na kiti cha plastiki bafuni asije akateleza. Mlango wa gari ukafunguka, akashuka mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni. Tukamtafuta bibi, hatukumwona. Ndipo nilipoelewa kosa langu: katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo, "bibi yangu" ni mke wangu. Mimi, mwalimu mwenye stashahada, nilikuwa nimemfanya mke wa mtu kuwa nyanya yake. Tulipowaeleza, walicheka mpaka mtoto akaamka.

Huenda unasubiri nikuambie kwamba walikuwa wageni bora kuliko wote. Walikuwa wageni wa kawaida. Walipika sombe, yaani majani ya muhogo ambayo Watanzania huyaita kisamvu, na dada yangu akaomba aonjeshwe. Mtoto mmoja alivunja bilauri, nao wakasema mara moja kabla hatujaiona. Walikuwa wanne, si kumi. Lakini nataka uelewe vizuri: lau wangekuwa wachafu, wakapiga kelele usiku kucha, hoja yangu isingebadilika hata kidogo. Mgeni mbaya huhukumiwa kwa alichokifanya, wala haifai hukumu hiyo kumtangulia mlangoni kwa sababu ya rangi ya pasipoti yake. Tukianza kutafuta Wakongo wema ili kuthibitisha kwamba Wakongo wanastahili kulala, tumekwisha kukubali kwamba wao wana kesi ya kujibu ambayo Waholanzi hawana.

Najua utaniuliza: nyumba si ya mwenyewe? Je, mtu hana haki ya kuchagua anayelala chini ya paa lake? Hoja hii ina uzito, wala sitaki kuipuuza. Nyumba ya mtu si uwanja wa umma. Mama anayeishi peke yake na watoto wake ana sababu ya kuwa mwangalifu. Hata hivyo, tofautisha mambo mawili. Rafiki unayemwalika mezani kwako unamchagua kwa moyo, na hakuna wa kukuuliza. Lakini ukiisha kutangaza chumba chako kwa ulimwengu mzima na kukitaja bei, umefungua duka. Mwenye duka hachagui nani anunue sukari kwa kutazama kabila lake. Anatazama kama mnunuzi ana fedha na kama ana adabu.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 21, inakataza ubaguzi unaotokana na mambo kama jinsia, rangi, asili, kabila, kuzaliwa, imani au hali ya kiuchumi. Msomaji makini ataniambia kwamba uraia haumo katika orodha hiyo. Ni kweli. Lakini sikiliza jinsi tunavyozungumza: hatusemi "mwenye pasipoti ya Kongo", tunasema "wale Wakongo", tukimaanisha namna yao ya kula, ya kusema na ya kuvaa. Hapo tumekwisha kutoka katika uraia, tumeingia katika asili na kuzaliwa. Isitoshe, Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, imeweka miongoni mwa misingi yake kutowabagua raia wa nchi wanachama kwa sababu ya uraia wao. Kongo ilijiunga na jumuiya hiyo mwaka 2022. Sikukutajia sheria hizi ili ukimbilie mahakamani. Nimezitaja ili uone kwamba mlango wa nyumba ndogo ya Entebbe ni mojawapo ya mahali ambapo jumuiya yenye nchi nane huthibitika kuwa kitu halisi au hubaki kuwa bendera tu.

Hofu ya maradhi nayo tuitazame kwa akili. Mlipuko wa Ebola uliolikumba eneo la Butembo na Beni ulitangazwa Agosti 2018, ukamalizika Juni 2020. Baada ya hapo, Septemba 2022, Ebola ilitangazwa hapahapa Uganda, kitovu chake kikiwa wilaya ya Mubende. Na Januari 2025 ikatangazwa tena, safari hii Kampala. Jiulize: katika miezi ile, kama mwenyeji wa Nairobi au wa London angekuandikia kwamba nyumba imejaa kwa sababu tu wewe ni Mganda, ungejisikiaje? Ugonjwa hufuata mahali na mgusano, haufuati uraia. Mlipuko ukiwapo, tii maagizo ya wizara ya afya na uyatumie kwa kila anayetoka katika eneo lililoathirika, awe mfanyabiashara mwenyeji wa huko au mfanyakazi wa shirika kutoka Ubelgiji. Mlipuko ukiwa umeisha, usimwekee jirani yako karantini ya maisha.

Usidhani kwamba ninayoyasema yanatokea kwetu peke yetu. Kampuni ya Airbnb, iliyoueneza ulimwenguni mtindo huu wa kupangisha, ilianzia San Francisco nchini Marekani. Mwaka 2007, hoteli za mji huo zilipojaa kwa sababu ya mkutano wa wabunifu, vijana wawili walijaza upepo magodoro sebuleni kwao wakapokea wageni watatu; mwaka uliofuata biashara yenyewe ikaanza. Wazo lilikuwa zuri: mtu asiyejulikana aingie nyumbani kwa mtu asiyejulikana, nao waaminiane. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Benjamin Edelman, Michael Luca na Dan Svirsky, walituma maombi kwa wenyeji wapatao 6,400 katika miji mitano ya Marekani. Maombi yote yalikuwa sawa. Tofauti ilikuwa katika majina ya wageni. Waliokuwa na majina yanayotambulika kuwa ya Wamarekani weusi walikubaliwa kwa kiwango kilichopungua kwa takriban asilimia 16. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2017. Jambo la kuzingatia ni kwamba mara nyingi chumba alichonyimwa mgeni kilibaki kitupu. Mwenyeji alipoteza fedha ili kulinda chuki ambayo pengine hakujua kwamba anayo.

Malalamiko yalipozidi, mwaka 2016 kampuni hiyo ilitoa sera ya kupinga ubaguzi ambayo kila mwenyeji hana budi kuikubali, na mwaka 2018 ikatangaza kwamba mwenyeji asione picha ya mgeni mpaka awe amekwisha kulikubali ombi lake. Hatua hizo zinafaa, lakini tazama udhaifu wake kwetu. Picha ya mfanyabiashara wa Butembo haikuwa kikwazo kwa dada yangu. Wao wawili wamefanana rangi. Kilichomshtua ni jina la mji na lugha ya ujumbe. Mashine inaweza kuficha uso, lakini haiwezi kutuondolea mazoea ya kumwona mzungu kuwa "mgeni" na Mwafrika mwenzetu kuwa "mzigo".

Neno lenyewe linatuhukumu. Mwambie Mganda wa kawaida kwamba unatarajia "wageni wa kimataifa", naye ataanza kuwaza juu ya chai ya maziwa pembeni, mikate ya kukaushwa na Kiingereza cha puani. Ilhali sehemu kubwa ya wageni wanaoingia Uganda hutoka Afrika, hasa katika nchi zinazopakana nasi. Wanakuja kununua, kuuza, kuzika, kuoa, kutibiwa na kusoma. Mkenya aliyevuka Busia ni mgeni wa kimataifa. Mnyarwanda aliyepita Katuna ni mgeni wa kimataifa. Mpaka ni mpaka, hata kama umeuvuka kwa pikipiki.

Tena, siku zinakuja ambapo hatutaweza kuyakwepa haya. Septemba 2023, Uganda, Kenya na Tanzania zilipewa kwa pamoja uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Mashabiki wa kombe hilo watatoka wapi kama si Afrika? Watakuwamo Wasenegali, Wamisri, Wanigeria na, bila shaka, Wakongo. Itakuwa aibu iliyoje tukijifunza kwa haraka namna ya kuwaandalia chakula ilhali hatujajifunza namna ya kuwafungulia mlango.

Sasa nirudi kwa mwanafunzi wangu na jembe lake. Watu wengi huifasiri methali ile kuwa njia ya kumfukuza mgeni kwa adabu. Mimi naifasiri vingine. Anayepewa jembe anaonyeshwa shamba, na anayeonyeshwa shamba amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa watu wa nyumba. Jembe ni wajibu, nao wajibu hupewa mtu unayemheshimu. Mgeni anayelipa hatampalilia dada yangu mihogo, lakini naye ana jembe lake, nalo ni kanuni za nyumba.

Kanuni hizo ziwe wazi, ziandikwe kabla ya fedha kupokewa, na zisomwe na kila mtu. Kila mgeni mzima aonyeshe pasipoti au kitambulisho, na mwenyeji ayanakili majina. Mwenyekiti wa kijiji akiuliza nani amelala, jibu liwepo. Idadi ya watu itajwe, na anayezidi alipiwe au asilale. Amana iwe kiasi kilekile kwa wote, na irudishwe siku ileile nyumba inapokaguliwa. Saa ya kunyamaza usiku ijulikane. Mgeni aelezwe kwamba maji ya bomba huchemshwa kabla ya kunywewa, kwamba umeme hulipiwa kabla ya kutumika na unaweza kukatika, na kwamba chandarua si pambo. Kama kupika samaki kunakatazwa ndani, basi kukatazwe kwa wote, si kwa wale tu ambao mapishi yao hatuyajui. Mwenyeji naye ana jembe lake: aulize manispaa kuhusu leseni na kodi, asiseme picha ya mwaka juzi ndiyo nyumba ya leo, na asimwambie mtu kwamba nyumba imejaa ilhali ufunguo unaning'inia ukutani.

Ukitaka kuipima kanuni yoyote, jiulize swali moja tu: je, kanuni hii ningemwekea pia mgeni kutoka Uholanzi? Kama jibu ni ndiyo, iandike bila woga, hata ikiwa ngumu. Kama jibu ni la, hiyo si kanuni. Ni ubaguzi uliovaa nguo za kanuni. Kipimo hiki kinafanya kazi pia upande wa pili. Kama Mholanzi anaruhusiwa kufika saa nane za usiku bila taarifa, mruhusu na Mkongo. Kama huwezi kumvumilia Mkongo kwa hilo, usimvumilie Mholanzi.

Na sasa neno kwako hasa, wewe unayejifunza lugha hii. Kiswahili kimepitia njia ngumu nchini Uganda. Wazee wengi walikisikia kinywani mwa askari wenye bunduki, ndiyo maana hata leo wapo wanaokiona kuwa lugha ya kutishia watu. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Lakini amri ya serikali haiwezi kuipa lugha heshima kama inavyoipa heshima matumizi yake ya kila siku. Mfanyabiashara yule aliandika kwa Kiswahili kwa sababu aliamini kwamba kwa lugha hiyo atafahamika. Mimi nilimfahamu, kisha nikaitumia lugha hiyohiyo kumdanganya. Siku ile sikuwa na tofauti kubwa na yule askari wa zamani: naye alikijua Kiswahili, naye alikitumia kumzuia mtu njiani.

Jifunze pia kwamba Kiswahili cha jirani yako hakitakuwa sawasawa na cha kitabu chako. Atasema "ine" pale wewe uliposoma "nne", atasema "batoto" pale ulipoandika "watoto", naye "bibi" wake atakuwa mkewe. Usicheke, na usimsahihishe akiwa bado amesimama mlangoni na mizigo. Muulize anamaanisha nini. Laiti ningeuliza, dada yangu asingehangaika kutafuta kiti cha bafuni.

Baada ya siku tatu, mume alipanda ndege, na mke akaondoka na watoto asubuhi na mapema kurudi kwao kwa basi. Dada yangu alimrudishia amana akiwa ametoa bei ya bilauri moja, kama kanuni ilivyosema. Yule mama aliihesabu, akaikubali, akamshukuru kwa kumwita "mama". Dada yangu akajibu "Karibu", neno la kwanza la Kiswahili nililopata kumsikia akilitamka. Kisha akaniuliza pembeni lina maana gani hasa, kwa kuwa alilisikia tu kwa watu. Nikamwambia kwamba lina maana mbili: ingia, na asiye mbali. Akasema Kiganda kina maneno mawili kwa mambo hayo, na Kiingereza pia. Nikamwambia ndiyo, Kiswahili kimeona linatosha moja.

Kazi yako ya wiki hii ni hii: andika kanuni tano za nyumba ya wageni, kwa Kiswahili sanifu, ambazo ungeweza kuzibandika ukutani zikasomwa na Mholanzi na Mkongo bila wewe kubadilisha hata neno moja. Ukiona umeandika moja ambayo ungeona haya ikisomwa na mmojawapo, usiifute haraka. Ilete darasani tuizungumze.